Barua ya wazi kwa waliomfungia geti mjukuu wa baba yangu

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Afisa Elimu Sekondari,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule.
Mkoa wa Dodoma.

YAH: KUKATALIWA KURUDI SHULENI KWA MWANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI ALIYEJIFUNGUA, NA KUVUNJIWA HESHIMA KWA BABU YAKE

Ndugu viongozi,

Mbukwenyi. Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni shangazi wa mwanafunzi anayezungumzwa katika barua hii, na ni binti wa mzee anayekuja kwenye ofisi zenu kumfuatilia. Malalamiko yetu si mapya kwenu. Barua ya kwanza iligongwa mhuri wa masjala ya halmashauri. Ya pili aliipokea katibu muhtasi wa shule, akakataa kuigonga kwa maelezo kwamba mhuri unakaa kwa mkuu na mkuu hayupo. Tangu hapo majibu yote yamekuwa ya mdomo: subirini, linashughulikiwa, afisa yuko safarini, mkuu yuko kwenye kikao, njooni wiki ijayo. Muhula ulifunguliwa ukafungwa, mwingine umefunguliwa, na mtoto bado yuko nyumbani. Ndiyo maana naandika mbele ya watu.

Sitaitaja shule, kata wala halmashauri. Nyinyi mnajijua, na barua zenye majina yote mnazo. Nikiandika jina la shule hapa, kila mtu wa kata hiyo atajua ni binti yupi. Ana miaka 17, na maneno ya mtaani anayoyasikia sasa yanamtosha.

Nianze na baba yangu, kwa sababu naona hamkumjua mliyekuwa mnazungumza naye.

Ni mkulima wa zabibu. Shamba lake si kubwa, lakini analitunza kwa mikono yake: anapogoa mwenyewe, anapuliza dawa ya ubwiri mwenyewe, anakaza waya na kubadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa. Masika analima pia uwele na alizeti, kama majirani zake. Zabibu zetu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno madalali huja na bei yao. Nilipofika darasa la tano alinipeleka hadi mwisho wa shamba, akanionyesha mistari miwili iliyo karibu na korongo, akaniambia, "Hii ni ya shule yako." Zabibu za mistari ile zikawa zinapimwa peke yake, na fedha yake inawekwa kwenye bahasha iliyoandikwa jina langu kwa kalamu ya bluu. Kuna mwaka bei ilianguka vibaya. Nyumbani tulikula ugali wa uwele na mlenda wiki baada ya wiki. Baba akauza mbuzi, bahasha hakuigusa. Mama alilalamika, na nadhani alikuwa na haki ya kulalamika. Baba alimjibu kwa upole tu kwamba mbuzi atazaliwa mwingine.

Alinipa pia kazi ya kusimama kando ya mizani na daftari siku za kuuza. Madalali walikuwa na tabia ya kusoma mizani haraka na kuondoa kilo mbili tatu wanazoziita za maji. Dalali akitaja uzito, baba hakumjibu. Alinigeukia mimi kwanza, akasema, "Ngoja mhasibu aseme." Nilikuwa mtoto wa miaka 11, sare yangu imechanika kwapani, na wanaume wazima walisimama kunisubiri nijumlishe. Sijui kama alijua alichokuwa akinifanyia. Leo hii mimi ni mhasibu kweli, na sijawahi kukaa mezani kwangu nikaacha kuisikia sauti ile.

Mapenzi yake kwa shule yana mahali yalipotoka. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wa Ugogo wakiwa ndiyo kwanza wanakusanywa vijijini kwa Operesheni Dodoma, bibi yangu alikuwa hajui hata kuandika jina lake. Miaka michache baadaye akajiunga na darasa la kisomo. Alikwenda na mtoto mgongoni, kama wanawake wengi waliokuwa naye. Mtoto yule alikuwa baba yangu. Bibi alisoma, akajua, na mpaka anafariki alikuwa akisoma mwenyewe barua za wanawe waliokwenda kufanya kazi mbali.

Mwaka 2014, nikiwa Kidato cha Pili, nilifukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito. Wakati ule waliofukuza walikuwa na kanuni ya kushika: Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na ujauzito ukawa unahesabiwa humo. Baba aliitwa. Mimi nilisimama nje ya ofisi ya mkuu nikiwa na hakika kwamba nitapigwa njia nzima ya kurudi nyumbani. Alitoka na barua mkononi, akaniuliza, "Madaftari yako yako wapi?" Yalikuwa darasani. Akarudi ndani kuomba ruhusa, kisha akaingia darasani mwenyewe, wenzangu wote wakimtazama, akayakusanya moja moja, akayafunga kwenye koti lake. Hakunipiga siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Ndugu walikaa kikao. Wapo waliotaka yamalizwe kwa ng'ombe, kama yalivyomalizwa ya wasichana wengine kabla yangu: familia ya yule mwanaume ilete ng'ombe, mimi nihamie kwao, iishe. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Baba alimsikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwamba mama yao alijifunza kusoma yeye akiwa mgongoni, na hakuna mwalimu aliyemtoa darasani. Akauliza nani kati yao anaikumbuka aibu hiyo. Hakuna aliyejibu. Ng'ombe hawakupokelewa.

Mwaka 2015 nilisajiliwa kufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, unaompa aliye nje ya shule sifa ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, kwa fedha ya mistari miwili. Mwanangu alikuwa bado ananyonya. Mama alikuwa anaumwa, kwa hiyo siku za mtihani baba ndiye aliyekuja naye hadi kituoni. Wapeni picha hiyo wenzenu mnaofanya nao kazi: mwanaume wa Kigogo, mkulima, amemfunga mjukuu kifuani kwa kitenge cha mkewe, amekaa chini ya mwarobaini nje ya uzio na chupa ya uji. Watu walimcheka. Kijana mmoja wa bodaboda alimwita "mama mtoto". Baba aliitika, akaendelea kumpepea mtoto na kofia yake. Nikitoka chumba cha mtihani wakati wa mapumziko nilimkuta palepale, nikamnyonyesha mwanangu, baba ameangalia upande mwingine na hataki hata kuniuliza maswali yalikuwaje, asije akanitia hofu. Alikuja kuniuliza baada ya karatasi ya mwisho kabisa.

Baadaye nilifanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda cheti, nikaenda diploma. Mwanangu yuko darasa la tano.

Huyo ndiye mzee aliyekuja kwenu kumrudisha mjukuu wake shuleni, mtoto wa kaka yangu, ambaye amelelewa pale nyumbani tangu wazazi wake walipotengana. Yafuatayo ndiyo tunayoyalalamikia.

1. Mmemnyima mtoto nafasi ambayo serikali yenyewe imempa.

Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, na mapema mwaka 2022 ukafuata mwongozo wa utekelezaji, ambao unampa mwanafunzi miaka miwili ya kurudi tangu alipotoka. Mtoto wetu alitoka katikati ya mwaka 2024. Alijifungua salama, akamnyonyesha mwanawe, na katikati ya mwaka 2025 babu yake akamleta kwenu akiwa na sare mpya.

Mlidai barua ya uhamisho, kana kwamba anatoka shule nyingine. Tulipouliza ya nini, mkadai cheti cha kuzaliwa cha mtoto mchanga. Kilipopatikana, mkasema bodi haijakaa. Kila hitaji jipya linakula muda, na muda wenyewe ni ule wa miaka miwili. Kwa mwendo huu hamtahitaji kumwandikia barua ya kumkataa. Mtasubiri miaka miwili ipite, kisha mtasema amechelewa. Baba aliliona hilo kabla yangu. Ndiye aliyekuja kuniambia kwamba hawa hawatukatai, wanatusubirisha.

2. Mmemsukumia njia mbadala bila kumuuliza.

Mara mbili mmemwambia baba ampeleke mtoto kwenye masomo ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilipita njia ya nje ya shule na siwezi kuidharau. Imenilisha. Lakini mimi nilipita huko kwa kuwa mwaka 2014 sikuwa na geti lingine lililo wazi. Huyu analo. Waraka umefungua shule ya kawaida na umeacha njia nyingine kwa anayeitaka, na mtoto amesema, mbele ya mwalimu wa malezi, kwamba anataka kurudi darasani kwake.

Kuna jambo lingine ambalo mngeliona kama mngekaa dakika chache na familia. Kituo cha karibu kiko mjini. Hawezi kwenda na kurudi kila siku, itabidi apange chumba. Na mnajua, kwa sababu wasichana wengi wa shule yenu wanaishi hivyo hivyo, kwamba maisha ya geto ndiko balaa hili lilikoanzia. Shule iko mbali na kijiji, bweni halitoshi, mtoto wa miaka 15 anapangishiwa chumba mtaani, hana chakula cha uhakika, na mwanaume mwenye pikipiki anajitokeza na lifti na chipsi. Sasa mnataka mtoto huyo huyo arudishwe kwenye chumba cha kupanga, safari hii na mtoto mchanga, ati ndiyo suluhisho. Baba amepanga vingine: mtoto mchanga atabaki na bibi yake mkubwa, na yeye baba atampeleka na kumfuata mwanafunzi kwa baiskeli mpaka nafasi ya bweni ipatikane. Aliwaeleza. Kuna mtu aliandika popote maelezo hayo?

3. Mmemvunjia heshima baba yangu.

Hili ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Siku ya kwanza alipofika ofisini aliambiwa amlete mama wa mtoto, kwamba haya ni mambo ya kina mama. Akaeleza kwamba mama wa mtoto hayupo, mlezi ni yeye, na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha hivyo anayo mkononi. Haikusomwa. Siku nyingine, mbele ya walimu wawili na mzazi mwingine aliyekuwa amekuja kulipa mchango wa chakula, mmoja wenu alisema: "Babu gani huyu anamfuatilia binti namna hii? Isije ikawa ana lake."

Ndugu viongozi, baba yangu hakutuambia maneno hayo. Tuliyasikia kwa yule mzazi. Baba alirudi nyumbani siku ile, akaegesha baiskeli, akaenda moja kwa moja shambani, na hakula hadi kesho yake. Nilipompigia simu aliniambia tu kwamba safari ijayo niende mimi, maana "labda wewe watakusikiliza". Katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia akikabidhi jambo la shule kwa mtu mwingine. Mtu aliyestahimili kuitwa mama mtoto na barabara nzima, nyinyi mmeweza kumfanya aone aibu ya kumshika mkono mjukuu wake.

Naelewa kwamba walimu wanaona mengi, na kwamba wapo wazee wanaowaumiza watoto wa nyumbani kwao. Mkiwa na shaka, lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, yupo afisa ustawi wa jamii. Mpelekeeni shaka hiyo, achunguze, na baba atajibu kila swali. Lakini mwenye shaka ya kweli humlinda mtoto. Nyinyi mlitamka neno hilo, mkacheka, kisha mkamwambia mtoto aende na babu huyo huyo nyumbani. Hiyo haikuwa shaka. Lilikuwa tusi la kumfanya asirudi tena.

Kwenye vikao vya wazazi mnalalamika kila mwaka kwamba akina baba hawafiki, kwamba wamewaachia wake zao kila kitu, kwamba baba anajitokeza siku ya mahari tu. Mnasema kweli. Sasa amekuja mmoja.

4. Wasichana wanapimwa ujauzito kwa mkumbo.

Mtoto wetu aligundulika kwenye zoezi ambalo wasichana wa darasa zima walipangwa foleni, wakaitwa mmoja mmoja, na aliyebakizwa ndani alijulikana na shule nzima kabla hajatoka. Mwaka 2014 mimi nilibonyezwa tumbo na mwalimu wa kike nyuma ya pazia la khanga. Kinachotumika kupimia kimebadilika, foleni ni ile ile. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji wa ujauzito wa lazima shuleni. Shule yenu inaendelea nao.

5. Hamjatoa barua ya kuthibitisha kwamba alikuwa mwanafunzi.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kesi iliripotiwa, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, PF3, ilijazwa, mtuhumiwa anajulikana. Mpelelezi anahitaji uthibitisho wa shule kwamba binti alikuwa ameandikishwa kwenu na yuko kidato kipi. Ni karatasi moja, kutoka kwenye rejista iliyo kabatini kwenu. Haijatoka. Wakati huo mtuhumiwa anaendesha pikipiki yake mchana kweupe, na watu wake wameshatuma wazee nyumbani kwetu kuulizia habari ya ng'ombe. Baba amewajibu kama alivyojibu mwaka 2014.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine tumeshapewa kwa mdomo.

Mtasema akirudi atawaharibu wenzake, wengine wataiga. Kwa miaka mingi shule zetu ziliwafukuza wasichana wote waliogundulika, bila kumbakiza hata mmoja wa kuigwa. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wasichana 27 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Hapa Dodoma walikuwa 39. Kama kufukuza kungekuwa dawa, mkoa wetu ungekuwa umepona zamani. Wasichana wenzake wanamwona kila siku akiteka maji na mtoto mgongoni, wala hakuna anayemwonea wivu.

Mtasema madarasa yamejaa. Yamejaa, nimeyaona, na nawahurumia walimu wanaofundisha mle. Lakini dawati la mtoto huyu lilikuwepo mwaka 2024, na mwaka huu mmepokea wanafunzi wawili wa uhamisho katika kidato hicho hicho.

Mtasema waraka haujafika shuleni. Mwaka 2021 si jana, na nakala ya waraka huo tuliiambatanisha kwenye barua yetu ya kwanza.

Mtasema mtoto mchanga ataugua, mama yake atakosa vipindi. Atakosa, ndiyo. Watoto wa walimu nao huugua, na walimu hukosa vipindi, kisha hurudi darasani.

Mtasema, na hili limesemwa kwa sauti ya chini, kwamba babu amlee mjukuu wake vizuri kwanza kabla ya kuja kudai haki. Mtoto huyu alikuwa wa nne darasani kwake muhula wa mwisho aliofanya mtihani. Ripoti mliiandika nyinyi wenyewe, na baba ameitunza kwenye bahasha yenye jina la mtoto, kwa kalamu ya bluu.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Mtoto arudishwe Kidato cha Pili sasa, kwa barua, kabla miaka miwili ya mwongozo haijaisha, na jina lake liingizwe kwenye orodha ya watakaofanya upimaji wa Kidato cha Pili mwaka huu. Kama kuna sababu ya kisheria ya kumkataa, iandikwe, isainiwe, igongwe mhuri.

(b) Barua ya uthibitisho wa uanafunzi ipelekwe kwa mpelelezi wiki hii.

(c) Aliyemtamkia baba yangu maneno yale amwombe radhi, katika ofisi ile ile, na wale waliosikia wawepo. Hatuombi mtu afukuzwe kazi. Baba mwenyewe amesisitiza niliandike hilo.

(d) Upimaji wa mkumbo usimame. Msichana mwenye tatizo aonwe faraghani na muuguzi, mlezi wake akiwa amejulishwa.

(e) Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 ubandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na za ofisi za kata zote za halmashauri, kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na maelezo kwamba mlezi yeyote halali, awe mama, baba, babu au shangazi, anaweza kumleta mwanafunzi kurudi shuleni. Wapo wasichana wengine katika kata hii ambao baba zao walifika getini mara moja tu, wakaambiwa haiwezekani, wakaamini. Nawafahamu wawili. Mmoja ameshaolewa.

Mkurugenzi, ombi hili la mwisho nalielekeza kwako hasa, kwa kuwa mkuu wa shule hawezi kulitekeleza peke yake.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, tutapeleka jalada zima TAMISEMI pale Mtumba, na nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ofisi zote mbili ziko Dodoma hii hii, nauli tunayo. Zabibu za mavuno haya zimeshaanza kuuzwa, na baba ametenga mistari miwili.

Jibu msiniandikie mimi. Mlezi wa mtoto ni baba yangu, anwani yake iko kwenye barua zote mbili mlizonazo. Anasoma vizuri. Mwandikieni yeye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mkulima wa zabibu,
Dodoma.

Nakala: Katibu Tawala wa Mkoa;
Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri;
Afisa Elimu Kata.